Fungu la kumi la duka na la mshahara: linahesabiwa kwenye nini, na mkisali makanisa tofauti linaenda wapi?

MamaDuka_Moro (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine wote salamu. Naomba ushauri wenye hesabu, siyo "omba tu, Mungu atakuonyesha".

Mume wangu ameajiriwa sekta binafsi. Mshahara wa msingi ni 900,000. Anakatwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), PAYE (kodi ya mshahara) na bodi ya mikopo ya chuo. Mimi nina duka la vyakula la rejareja, na pembeni ni wakala wa pesa za simu. Mauzo ya duka yanacheza kwenye milioni 4 kwa mwezi. Kila jioni natenga asilimia kumi ya kilichoingia kwenye droo. Mume anasema naua duka, mimi naona anataka tumwibie Mungu. Yeye ni wa KKKT (Walutheri), mimi nasali kanisa la kipentekoste. Maswali yangu:

1. Zaka (hilo fungu la kumi) ya biashara inatoka kwenye mauzo au kwenye faida?
2. Ya mshahara ni kabla ya makato au baada?
3. Kila mtu apeleke kwake, au tuchague kanisa moja?

---

Mhasibu_Usharika

Dada, anza na swali la kwanza maana hapo ndipo penye moto. Mauzo si mapato yako. Ndani ya ile milioni 4 kuna hela ya mwenye mchele, ya mwenye fremu (chumba cha duka) na ya TRA (mamlaka ya mapato). Kama kuna mzigo umeuchukua kwa mali kauli (unauza kwanza, unalipa baadaye), hilo liko wazi zaidi: unatoa sadaka kwa fedha ya mtu anayekudai. Daudi alipewa bure uwanja wa Arauna na ng'ombe wa sadaka akakataa, akanunua kwa shekeli 50 za fedha, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu (2 Samweli 24:24). Kisichokugharimu wewe kinamgharimu mwenye mzigo.

Sasa daftari. Siku ya mwisho wa mwezi, ukishafunga duka, hesabu mali yote iliyomo kwa BEI YA KUNUNULIA. Wengi wanahesabu kwa bei ya kuuzia, wanajiona na faida ambayo haipo. Gunia lililofunguliwa pima kwa mzani, usikadirie kwa macho. Mfano wa duka la ukubwa wako:

Mali ya mwanzo wa mwezi 2,600,000
Manunuzi ya mwezi 3,360,000
Mali ya mwisho wa mwezi 2,500,000
Mali iliyotoka (2,600,000 + 3,360,000 − 2,500,000) = 3,460,000
Katika hiyo, iliyokwenda jikoni kwako: 60,000
Iliyouzwa kweli: 3,400,000

Mauzo 4,000,000 toa 3,400,000, faida ghafi ni 600,000. Toa kodi ya fremu 100,000, umeme 25,000, usafiri wa mzigo 45,000 na akiba ya kodi ya TRA 120,000 (inalipwa kwa awamu nne kwa mwaka, kwa hiyo tenga kila mwezi). Inabaki 310,000. Hiyo ndiyo ongezeko lako, na fungu lake la kumi ni 31,000.

Linganisha na unachofanya. Asilimia kumi ya mauzo ni 400,000. Umepata 310,000, umeshakula unga na mafuta ya 60,000, halafu unatoa 400,000. Mtaji unapungua 150,000 kila mwezi hata usipochukua senti ya saluni. Kwa mwendo huo mali ya 2,600,000 haimalizi mwaka na nusu. Watu watasema "mlaji ameingia dukani", kumbe ni hesabu.

Angalizo mawili. Ile 60,000 ya jikoni usiifiche. Ni sehemu ya faida yako, imelipwa kwa unga badala ya noti. Daftari liwe dukani, kila kinachotoka kiandikwe hata kama ni kiberiti. Na sukari ya mfuko wa kilo 50 ukiuza kwa robo robo haikupi kilo 50 kamili. Upungufu huo ni gharama halali, usijilaumu.

---

Malimbuko_Kwanza

Mithali 3:9, malimbuko ya mazao YOTE. Mnaanza kumtolea Mungu baada ya mwenye fremu na TRA? Mungu anakuwa wa tano kwenye foleni. Mimi nasimama kwenye mauzo.

---

Mhasibu_Usharika

Mkuu, mstari huohuo unaanza na "mali yako". Mtaji wa kununulia mzigo ulishatolewa zaka siku ulipopatikana kama mapato. Ukiutolea tena kila unapozunguka, shilingi ileile inakatwa mara kumi kwa mwaka. Kumbukumbu la Torati 14:22 inazungumzia maongeo ya mbegu yatokayo shambani mwaka baada ya mwaka. Na mtu wa jumla anayeuza sukari kwa faida ya asilimia 3, akitoa 10 ya mauzo atafunga mwezi huohuo. Ila kuhusu foleni uko sahihi: faida ikishajulikana, zaka itoke kabla ya matumizi ya nyumbani, siyo kwenye mabaki.

---

Kaka_Payroll

Swali la pili. Kwa mshahara wa 900,000:

NSSF asilimia 10: 90,000. Inabaki 810,000 ya kutozwa kodi.
PAYE: 270,000 ya kwanza haitozwi. 250,000 inayofuata kwa asilimia 8 ni 20,000. 240,000 kwa asilimia 20 ni 48,000. 50,000 iliyobaki kwa asilimia 25 ni 12,500. Jumla 80,500.
Bodi ya mikopo asilimia 15 ya msingi: 135,000.
Mkononi: 594,500.

Njia ni tatu. Ukitoa kwa ghafi (kabla ya makato) ni 90,000, ambayo ni kama asilimia 15 ya anachokishika mkononi. Mume ajue hivyo kabla hajaahidi. Ukitoa baada ya NSSF na kodi ni 72,950. Ukitoa kwa kilichofika mkononi ni 59,450.

Mimi nashauri ya katikati, na sababu yake ni hii. Kodi hukuishika wala hukuiamua. Mkopo wa chuo ni deni lako, elimu uliila wewe. Kulipa deni ni matumizi kama kulipa kodi ya nyumba, haliwezi kupunguza mapato. NSSF ni yako lakini bado hujaipata, kwa hiyo utaitolea siku mafao yakitoka. Anayetoa kwa ghafi leo asije akatoa tena kwa michango yake ileile akistaafu. Andikeni mmechagua ipi, maana ikifika wakati wa mafao hakuna atakayekumbuka.

Na hela ya matumizi anayokupa mume ilishatolewa zaka kwake. Usiikate tena ukiipokea.

---

Nduku_254

Huku Kenya ni mjadala uleule, tena makato yameongezeka: SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75 na ada ya nyumba asilimia 1.5, zote za mshahara ghafi. Hiyo ya nyumba ichukulieni kama kodi. Ushauri wangu kwa mama: mkitoa kwa simu, andikeni jina na aina ya sadaka kwenye sehemu ya akaunti. Wengi huandika jina tu, na mwisho wa mwaka zaka yao inaonekana kwenye sadaka ya kawaida.

---

Mzee_wa_Kanisa

Swali la tatu, binti yangu. Tenganisha mambo mawili: patano la ndoa na mahali pa kupeleka.

Patano kwanza. Paulo hata kwenye wanandoa kunyimana tendo la ndoa kwa ajili ya sala anataka iwe kwa kupatana (1 Wakorintho 7:5). Kama sala inahitaji patano, fedha je? Kuna watakaokutolea kitabu cha Hesabu sura ya 30, kwamba mume anaweza kutangua nadhiri ya mke. Sura ile inahusu nadhiri na viapo, haisemi habari ya zaka. Msiitumie kama fimbo, wewe wala yeye.

Kaeni kikao, siku mbili tatu baada ya mshahara kuingia, watoto wakiwa wamelala, mkiwa na daftari la duka na hati ya mshahara mezani. Anzeni na hesabu, maandiko yafuate. Mkianza na Malaki 3:8 (asiyetoa zaka anamwibia Mungu), mmoja atageuka mwizi na mwingine nabii, na kikao kimeisha.

Mahali: mapato yako upeleke unakolishwa neno, ya kwake vivyo hivyo kwa bahasha yake ya usharika. Nyumba nyingi zenye makanisa mawili zinafanya hivi na hakuna mchungaji mwenye akili atakayelalamika. Msigawe kila fungu nusu kwa nusu. Mtachanganya bahasha na hamtajua nani ametoa nini.

Kinachovunja nyumba huwa si zaka, ni AHADI. Yeye anaandika 300,000 ya jengo la usharika, wewe unaandika 300,000 ya vyombo vya muziki, mwezi huohuo, hakuna aliyemwambia mwenzake. Wekeni kanuni: ahadi yoyote zaidi ya kiasi mlichokubaliana, tuseme 50,000, haiandikwi ibadani. Chukua fomu, rudi nayo nyumbani, mjaze pamoja, Jumapili inayofuata irudishe.

Na wazazi wenu wasisahauliwe. Marko 7:11-13, Yesu aliwakemea waliosema mali imekuwa Korbani (wakfu kwa Mungu) ili wasimsaidie baba na mama. Fungu la wazazi liwe na mstari wake kwenye bajeti, kando ya zaka, lisichotwe humo.

---

Jumuiya_MtSekilia

Kwa sisi Wakatoliki, amri ya Kanisa inasema kulitegemeza Kanisa kwa mahitaji yake kadiri ya uwezo, bila kutaja asilimia kumi. Siyo ruhusa ya kutoa mia mbili. Mwenye kipato kisichotabirika apange kiwango cha chini asichoshuka, kisha aongeze mwezi ukiwa mzuri. 2 Wakorintho 8:12 inasema kadiri ya alivyo navyo mtu, si kadiri ya asivyo navyo.

---

MamaDuka_Moro

Asanteni sana, nimeprinti ya Mhasibu nampelekea mume. Yamebaki matatu. Hela ya uwakala ninayoishika ni nyingi kuliko ya duka, naihesabuje? Vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa) tukigawana mwisho wa mwaka je? Na kuna mwalimu alifundisha kwamba zaka uliyochelewesha unailipa na nyongeza ya asilimia 20. Kweli?

---

Mhasibu_Usharika

Uwakala: floti (salio la kufanyia miamala) na hela ya wateja si yako hata shilingi. Mapato ni KAMISHENI tu, na ujumbe wa kamisheni wa mwezi unaonyesha kiasi. Ila tafadhali, droo mbili. Hela ya uwakala ikichanganyika na ya duka, mauzo yanaonekana makubwa siku za mishahara na yanaporomoka siku mteja akija kutoa laki tano.

Vikoba: hisa zako ulizoweka wiki kwa wiki zilitoka kwenye fedha iliyokwisha kutolewa zaka. Umeweka 520,000, umegawiwa 610,000, mapato ni 90,000, zaka 9,000. Mkopo wa kikoba si mapato, usiutolee. Mteja aliyekopa unga, faida yake ihesabu akishalipa.

---

Mzee_wa_Kanisa

La asilimia 20 linatoka Walawi 27:31. Soma na mstari wa 30 uone linahusu nini: mtu aliyetaka kukomboa zaka yake ya mazao, abaki na nafaka na kutoa kitu kingine badala yake, aliongeza sehemu ya tano. Ilikuwa bei ya ukombozi. Adhabu ya kuchelewa haimo. Ng'ombe na kondoo wao hawakukombolewa kabisa (mstari wa 33).

Kwa ulichokwisha kutoa kwa mauzo, usiende kudai kanisani urudishiwe, na usijipe likizo ya zaka "kufidia". Ulitoa kwa moyo, yamekwisha. Anza na hesabu ya mali ya mwisho wa mwezi huu. Mwezi ambao daftari litaonyesha hasara, zaka ya duka ni sifuri. Peleka ya kamisheni.