Mechi tatu! Zimebaki mechi TATU ndiyo unamfukuza kocha?

Mzee wa Ribaundi

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka ugali nimeuacha mezani.

Mwenye timu ya kikapu ya Denver, kule ligi ya NBA Marekani, amemfukuza kocha Malone. Mwenye timu ni nani? Mnamjua, msinichoshe. Jina lake likipita mdomoni mwangu usiku huu itabidi nisukutue kwa maji ya chumvi. Zimebaki mechi tatu ligi iishe. Mechi tatu! Mtoano unaanza tarehe 19, Denver iko nafasi ya nne kanda ya Magharibi, imeshinda 47 imefungwa 32, halafu mtu mzima na akili zake anaamka Jumanne hii, Aprili 8, 2025, na kusema leo ndiyo siku.

Mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi sita hupewa notisi. Kuku wa Krismasi huachwa hai mpaka mkesha. Malone kanyimwa hata wiki moja!

Huyu mtu kakaa pale tangu 2015. Ubingwa wa 2023 ni wake, wa kwanza tangu timu hiyo iingie NBA, fainali Miami walikula mechi nne kwa moja. Ameshinda mechi 471 za ligi, hakuna kocha wa Denver aliyefika huko. Mtu kama huyo unamchongea sanamu. Wao wamemwandikia taarifa ya asante, kisha mlango uko kule.

Najua mtakuja na "amefungwa nne mfululizo". Ya kwanza kati ya hizo nne, dhidi ya Minnesota, niliiona kwa macho yangu. Jumatano iliyopita niliamka saa kumi na moja alfajiri, shuka mabegani, sauti ya simu nimeipunguza watoto wasiamke. Jokić wa Denver kaweka pointi 61, ribaundi 10, asisti 10. Mechi imeongezwa muda mara mbili. Denver wanaongoza kwa pointi moja, sekunde zinaisha, Westbrook anapora mpira, wanakimbia wawili na mwenzake, kikapu kile hapo, anakosa! Wakati mimi bado nimeshika kichwa, anarudi nyuma na kumfanyia faulo mtu aliyekuwa anarusha kutoka kona. Mitupo huru, Minnesota 140, Denver 139. Sasa hapo Malone kakosa nini? Angeingia uwanjani na ubao wake wa kuchorea akazuie?

Wanasema hakuwa akiongea vizuri na meneja mkuu, na meneja naye kaondolewa siku hiyo hiyo. Sawa. Kama wawili hawaelewani ndani ya nyumba yako, wewe mwenye nyumba ulikuwa wapi tangu Oktoba? Ulikuwa unasubiri zibaki mechi tatu?

Na kesho wanacheza wapi? Sacramento! Pale pale Malone alipofukuzwa Desemba 2014. Sacramento hao hao msimu huu wamemfukuza kocha wao Mike Brown. Ijumaa wanakuja Memphis, ambao tarehe 28 Machi walimfukuza kocha wao Taylor Jenkins zikiwa zimebaki mechi tisa. Tulipiga kelele kwa hizo tisa, sasa mwenzao kazishusha mpaka tatu. Mwakani kocha atafukuzwa akiwa ameita mapumziko, wachezaji wamemzunguka, kalamu iko mkononi.

Mechi tatu, jamani.

Kijana wa Upanga

Mkuu, pole, ila hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hesabu makocha mabingwa wa karibuni. Nurse, bingwa 2019 na Toronto, alifukuzwa 2023. Vogel, bingwa 2020 na Lakers, alifukuzwa 2022, na habari ilimkuta kwenye mkutano na waandishi kabla bosi wake hajamwambia. Budenholzer, bingwa 2021 na Milwaukee, 2023 hayupo. Malone, bingwa 2023, leo. Kuanzia 2019 mpaka 2023 aliyebaki kwenye kiti chake ni Kerr wa Golden State, bingwa 2022, peke yake. Pete yenyewe ya ubingwa siku hizi haina hata miaka mitatu ya dhamana.

Binti Chang'ombe

Mzee wa Ribaundi, Jumatano iliyopita saa mbili asubuhi uliandika hapa hapa "Malone aondoke, tumemchoka". Nimeihifadhi. Niibandike?

Mzee wa Ribaundi

Nilisema aondoke MWISHO WA MSIMU! Sikusema zikiwa zimebaki mechi tatu! Na nilikuwa sijalala.

Binti Chang'ombe

Basi mwenye timu naye hakulala. Mmefanana.

Mswahili wa Nyali

Nyinyi mnalia na Malone, mwamsahau Dwane Casey? Mwaka 2018 Toronto ilishinda mechi 59, mzee wa watu akatimuliwa Mei. Juni akaitwa jukwaani kupewa tuzo ya kocha bora wa mwaka. Amevaa suti, ameshika tuzo, na timu iliyompatia hiyo tuzo imeshamfunga virago. Hiyo ndiyo aibu, bwana. Hii yenu cha mtoto.

Hana Haraka

Mimi siwahurumii hata kidogo. Monty Williams alisaini Detroit miaka sita kwa dola milioni 78.5, akafundisha msimu mmoja, akashinda 14 akafungwa 68, zikiwemo 28 mfululizo. Akafukuzwa, na mkataba unaendelea kumlipa. Mimi nikikosea stoo katoni moja nakatwa mshahara. Nifukuzeni na mimi kwa utaratibu huo, nitaondoka nikiimba.

Mzee wa Ribaundi

Suala si hela. Suala ni heshima! Wiki moja tu angoje, ashindwe au ashinde, aage wachezaji wake. Mechi TATU.

Kocha wa Mtaa

Heshima umeigusa, kiongozi, na mimi nina langu. Mike Brown mwaka jana alimaliza mazoezi, akaongea na waandishi, akapanda gari kwenda kupanda ndege na timu, simu ikaita: huna kazi. Malone mwenyewe alikuja juu kumtetea. Mimi hata simu sikupigiwa. Nilikuwa kwenye daladala, mfuko wa mipira sita uko mapajani na konda ananidai nauli ya abiria wawili, nafungua WhatsApp nione nani amefika uwanjani, naona "umeondolewa kwenye kundi". Na mwenyekiti, wa mtaani kwetu mnamjua, ndiye aliyeniondoa. Nilipofika nikakuta mpwa wake ana filimbi shingoni. Filimbi yangu! Nimeinunua mimi!

Binti Chang'ombe

Na mipira je?

Kocha wa Mtaa

Nilirudi nayo nyumbani. Iko chini ya kitanda mpaka leo. Waje waichukue.

Jangwani Damu

Mnakwenda mbali mpaka Denver kwani hapa hakuna vilio? Gamondi alitupa sisi Yanga ubingwa, Novemba wakamwondoa. Akaja Ramovic, hata majina ya wachezaji hajayazoea, Februari kapanda ndege kwenda Algeria. Sasa tuna Hamdi. Makocha watatu msimu mmoja! Mimi nikikutana na kocha mpya simwambii karibu, namwambia usifungue begi.

Msimbazi Mwekundu

Wewe nyamaza. Robertinho wetu wa Simba mlimpiga tano kwa moja Novemba 2023, wiki haikuisha hana kazi. Nyinyi ndio mliomfukuza, sisi tulisaini tu karatasi.

Jangwani Damu

Tano! Asante kwa kukumbusha. Uzi mzuri sana huu.

Mzee wa Ribaundi

Wakuu, tusitoke nje ya mada. Malone. Mechi tatu.

Bunduki wa Mbagala

Mada iko pale pale, wewe tu hujaiona. Familia yenye Denver ndiyo yenye Arsenal! Arteta yuko tangu Desemba 2019, kombe kubwa alilobeba ni FA la 2020, na anavumiliwa kama mtoto wa mwisho. Malone kawaletea ubingwa juzi tu, kafukuzwa. Tena kafukuzwa siku ile ile sisi tunacheza na Real Madrid! Wana mikono miwili, mmoja unabembeleza London, mmoja unachinja Denver.

Kijana wa Upanga

Hapo umesema neno. Mimi shabiki wa Arsenal lakini swali hilo linaniuma. Arteta angekuwa kocha wa kikapu angeshafukuzwa mara nne.

Bunduki wa Mbagala

Subirini, kipindi cha pili kimeanza, faulo nje ya boksi.

Bunduki wa Mbagala

RICEEEE! Kazungusha nje ya ukuta! Kipa Courtois kanyoosha mkono hadi mwisho, wapi! Huyu mtu hajawahi kufunga faulo ya moja kwa moja maisha yake yote!

Hana Haraka

Majirani wamegonga ukuta. Nimewagongea na mimi.

Mzee wa Ribaundi

Nyie watu mna roho gani? Mtu amepoteza kazi zikiwa zimebaki mechi

Bunduki wa Mbagala

TENA! Faulo nyingine! Rice tena! Kona ya juu kabisa, hata buibui kahama!

Mswahili wa Nyali

Huku Nyali mtu ameangusha thermosi ya kahawa, hakuna aliyeinama kuiokota.

Bunduki wa Mbagala

MERINO! TATU! TATU BILA!

Kocha wa Mtaa

Arteta apewe mkataba wa miaka kumi usiku huu huu.

Mzee wa Ribaundi

Huku umeme umekatika tangu ya kwanza. Ile ya pili Rice kapigia upande gani?