MREJESHO: Mdogo wangu mwenye baipola, dawa imeanza kumkubali

Habari zenu ndugu zangu. Niliomba ushauri kuhusu mdogo wangu mwenye baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana na kushuka sana: alizama kwenye sonona, akaandikiwa dawa ya sonona, fluoxetine, peke yake, akaanza kukesha, kuongea mfululizo na kugawa vitu vyake. Wengi mlisisitiza tumpeleke kwa daktari bingwa wa afya ya akili. Tumempeleka, asanteni sana.

Daktari alitueleza kwamba dawa ya sonona ikitumika yenyewe tu kwa mwenye baipola inaweza kumtoa shimoni na kumrusha kwenye mania, yaani hali ya kuchangamka kupita kiasi. Laiti tungeambiwa hivyo mapema! Akaisimamisha, akamwanzishia quetiapine, dawa ya kutuliza hisia, usiku, akaipandisha taratibu hadi miligramu 300. Hicho ni kipimo chake yeye, msikiige. Lithium ni dawa nzuri pia, ila inataka kupima damu mara kwa mara, pamoja na figo na tezi ya shingo, na huku wilayani kwetu ni shida, kwa hiyo imewekwa kando kwanza.

Mwanzoni alikuwa mzito, anaamka jua limeshapanda, mdomo umekauka. Juzi nikamkuta uani anafua mashati yake, anamsimulia mama mechi ya Simba. Huyu alikuwa haogi mpaka abembelezwe! Mama alishindwa hata kumjibu, machozi tu.

Kinachotusumbua sasa ni unene. Sukari na mafuta kwenye damu vinafuatiliwa. Mliotumia quetiapine muda mrefu, uzito mnaudhibiti vipi?