Pampu ya kikundi, mpunga wa bonde la mto Ruvu: tutoze kwa ekari au kwa saa?

Jaruba_Bagamoyo:
Wakuu, habari za kazi. Kikundi chetu kina pampu moja ya dizeli ya inchi 3 na mfereji wa udongo. Kila msimu tunachanga sawa kwa ekari. Walio karibu na pampu majaruba yao (vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta) yanafurika mpaka njiani, wa mwisho udongo unapasuka, na dizeli inakwisha mpunga haujatoa suke. Tukihamia malipo ya saa, ugomvi utakwisha?

Fundi_Mifereji:
Mchango wa ekari una kasoro moja kubwa: mtu akishautoa, saa ya ziada ya pampu haimgharimu kitu, ilhali dizeli ya saa hiyo wanailipa wote. Gawanyeni gharama mafungu mawili. Matengenezo na ada ya kibali cha maji cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu zilipwe kwa ekari, maana hizo zipo hata pampu ikilala. Dizeli na oili kila mtu alipe kwa maji aliyotumia.

Ila saa si kipimo cha maji. Kingeni pipa la lita 200 kwenye bomba la kutolea. Likijaa kwa sekunde 15, mnapata mita za ujazo 48 kwa saa. Kuweka maji ya sentimita 5 kwenye ekari moja ni mita za ujazo 200 hivi, yaani saa 4 na dakika chache. Mto ukishuka, pampu inanyanyua kutoka chini zaidi. Pipa likichukua sekunde 24, ekari ileile inakula karibu saa 7. Tena mwenye shamba la mwisho analipia hata maji yaliyonywewa na mfereji, na huo ni uonevu.

Pimeni mlangoni mwa shamba: bati lililokatwa V ya nyuzi 90. Maji yakisimama sentimita 10 juu ya ncha ya V, yanapita lita 4.4 kwa sekunde; sentimita 15, lita 12. Rula ikae nyuma ya bati, umbali usiopungua mara nne ya kina hicho, kwa kuwa karibu na V maji huinama na kipimo hudanganya.

Shadidi:
Bei bila njia ya kupunguza matumizi ni adhabu tu. Chukueni bomba la plastiki lenye urefu wa sentimita 30, toboeni matundu sentimita 20 za chini, mzike sehemu hiyo jarubani na kutoa udongo wa ndani. Maji ndani yake yakishuka sentimita 15 chini ya ardhi, ndipo mnamwagilia tena. Kuanzia wiki moja kabla ya mpunga kuchanua hadi wiki moja baadaye, msikaushe kabisa: suke litatoka na mapepe (punje tupu).

Tahadhari kwa walio karibu na bahari: penye chumvi msikaushe jaruba, chumvi itapanda juu na kuchoma miche. Kiangazi, hasa siku za bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), maji ya bahari huingia mtoni. Vuteni maji yakipwa, na bomba la kuvutia lifungwe kwenye boya lisifike chini, kwani maji ya chumvi ni mazito, hulala chini. Kipimo cha chumvi, kinachosoma jinsi maji yanavyopitisha umeme, kikivuka 2 dS/m, zimeni.

Mto_Kwanza:
Kubalianeni mapema maji yanayookolewa yaende wapi. Kila mmoja akiongeza ekari kwa sababu maji yamepatikana, dizeli itapungua kwa ekari lakini mto hautapata hata tone, na Dar es Salaam inakunywa Ruvu hiihii. Kibali kinataja kiasi. Ekari zisipite hapo. Pia si kila maji yanayovuja yamepotea: mengine ndiyo yanayolowesha majaruba ya bondeni. Chunguzeni kabla ya kusakafia mfereji.

Jaruba_Bagamoyo:
Shukrani sana. Bati liwe nene kiasi gani?

Fundi_Mifereji:
Milimita 2 zatosha. Ukingo wa V uwe mkali, na upande wa chini maji yaanguke huru. Yakijaa mpaka kuifikia ncha, shusheni mfereji wa upande huo kwanza, ndipo msome rula.