Michembe ya viazi lishe: vitamini inabaki?

Mama Kulwa (Sengerema):
Wadau, habari za leo. Msimu huu nimepanda Kabode, ile mbegu ya viazi lishe yenye rangi ya karoti. Vimezaa na watoto wanavigombania. Mama mkwe anasema vina majimaji, havina unga, hivyo tuvikate michembe vyote, tuanike, tutunze hadi kiangazi kiishe. Mimi kliniki waliniambia nivilime kwa ajili ya vitamini A ya huyu mdogo wa miaka miwili. Nikivianika, inabaki kweli?

Mkulima wa Ziwa:
Jua linaua vitamini yote, dada. Anika kivulini.

Bibi Marando:
Si yote. Mimi nazalisha marando, yaani mashina ya kupandia, ya viazi lishe na jambo hili linanigusa sana. Jua linapunguza, kivuli ni bora, lakini hasara kubwa inatokea ghalani. Ile rangi ndiyo betakarotini yenyewe, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na hewa inaiharibu mwezi baada ya mwezi. Michembe ikikaa miezi minne, sehemu kubwa imeshapotea. Ukiona imepauka, ujue umebakiwa na wanga tu.

Mdogo mpe kiazi kilichotoka shambani, kichemshwe na maganda yake. Gramu 125 hivi, yaani kiazi kidogo, zinamtosha kwa vitamini A ya siku nzima. Mpondee na karanga au umtilie mafuta ya alizeti kidogo, maana bila mafuta mwili hauinyonyi vizuri. Msivune vyote kwa mkupuo. Chimbeni kidogo kidogo, na mfukie nyufa za matuta kwa sababu fukuzi, wale wadudu wanaotoboa viazi, hupitia humo. Michembe fanyeni kwa vile vyeupe.

Kuhusu unga, mama mkwe asipuuzwe. Mbegu nyingi za rangi zilizotoka nje zilikuwa na maji mno, watu wazima wakazikataa. Robert Mwanga, mtafiti wa mbegu za viazi wa Uganda, alihangaika na hilo hilo: rangi, unga na kuhimili virusi vikutane kwenye kiazi kimoja. Kabode ilitolewa kule mwaka 2007, na mwaka 2016 yeye na watafiti wenzake Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Mbegu ambayo wakubwa hawaitaki haidumu shambani, hata iwe na vitamini kiasi gani. Mchemshie mama kwa maji kidogo, ufunike na majani ya mgomba, aonje tena.

Mama Kulwa:
Asante sana dada. Na marando je? Kiangazi kilichopita yalikauka yote.

Bibi Marando:
Chagua viazi vidogo visivyo na tundu wala kidonda. Vipange kwenye beseni kwa tabaka za mchanga mkavu, visigusane, uweke ndani penye ubaridi. Vitachipua humo humo. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua vihamishie kitaluni karibu na nyumba, uzungushie uzio wa mbuzi, umwagilie. Mvua ikianza unakata marando yako mwenyewe. Shina lililodumaa na kujikunja majani ling'oe, usichukue mbegu hapo. Hivyo ni virusi, na inzi weupe wanavieneza.