Mji wa pwani wa watu 200,000: je, chujio na bomba refu baharini vinatosha?

Mchora_Ramani
Habari za jioni wakuu. Hapa ofisini Nairobi tunachora mpango wa awali wa maji taka ya mji mmoja wa pwani. Takwimu za kuanzia: watu 200,000, lita 100 kwa mtu kwa siku, na asilimia 80 ya hayo ndiyo yanayoingia kwenye mabomba ya taka. Miamba ya matumbawe iko kama mita 900 kutoka ufuoni. Ndani ya miamba kina ni mita 3 hivi maji yakijaa.

Mteja anataka chujio la vyuma la nafasi ya milimita 6, pampu, na bomba la mita 1,500 litokee nje ya miamba, basi. Hoja yake ni kwamba Cape Town wanafanya hivyo hivyo na bahari ni kubwa. Mimi nimezoea mabwawa ya maji taka ya aina ya Ruai, yale ya Nairobi, ya bahari siyajui vizuri. Naomba hesabu: maji yasafishwe kiasi gani kabla ya kufika kwenye bomba, na mambo huharibikia wapi?

BombaNene
Ndugu, weka namba mezani kwanza. 200,000 × lita 80 ni mita za ujazo 16,000 kwa siku, yaani wastani wa lita 185 kwa sekunde. Ukichukua gramu 45 za BOD (oksijeni ambayo bakteria hutumia kuozesha uchafu) kwa mtu kwa siku, unapata kilo 9,000 kwa siku, sawa na miligramu 560 kwa lita. Hayo ni maji mazito kuliko ya Ulaya kwa sababu watu wetu wanatumia maji kidogo, kwa hiyo usinakili vipimo vya vitabu vya huko. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za 2006 ziliweka BOD miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayoachiliwa kwenye mazingira, na chembe zinazoelea miligramu 30. Chujio la milimita 6 linatoa matambara, plastiki na vijiti. BOD haliigusi. Mpango wa mteja umevuka kiwango zaidi ya mara 18 hata kabla bomba halijalazwa.

Sasa vijidudu, maana hapo ndipo hoja ya "bahari ni kubwa" inapovunjika. Maji taka mabichi yana E. coli, bakteria wa kinyesi, kama milioni 10 katika mililita 100. Matundu ya bomba yakiwa kwenye kina kizuri, mchanganyiko wa kwanza ni kama 1 kwa 100, zinabaki 100,000. Kiwango cha Ulaya cha ufuo bora wa kuogelea ni 250. Bado unatakiwa upunguze mara 400. Jua la tropiki linaua asilimia 90 ya bakteria hao kwa saa moja hadi tatu mchana. Usiku hawafi kwa kasi hiyo, huchukua saa nyingi mno. Mkondo wa mita 0.3 kwa sekunde unasafiri kilomita moja kwa dakika 56. Kwa hiyo saa sita mchana, upepo ukienda nje, karatasi inakubali. Saa mbili usiku, kusi likisukuma, wingu lile la maji taka linafika ufuoni karibu lote likiwa hai.

Kuhusu Cape Town: ni kweli ina mabomba matatu ambayo maji yake yanachujwa tu, na la Green Point lina urefu wa kilomita 1.7 na linaishia kwenye kina cha mita 28 hivi. Lakini hiyo ni Atlantiki iliyo wazi, na hata huko jambo hilo limelalamikiwa miaka mingi. Mwonyeshe mteja miji mingine. San Diego, kituo cha Point Loma, bomba lina zaidi ya kilomita 7 na linafika kina cha karibu mita 95, na bado maji yanatuamishwa kwa dawa kabla ya kutoka. Boston walichimba handaki la kilomita 15 hivi chini ya bahari, likafunguliwa mwaka 2000, na maji yanayopita humo kwa kawaida yameshasafishwa kwa bakteria kwanza. Bomba refu ni hatua ya mwisho ya mtambo. Halichukui nafasi ya mtambo.

Maabara254
Naongeza jambo ambalo wahandisi wa bara mara nyingi hawalipimi: chumvi ndani ya mabomba ya taka yenyewe. Mabomba ya mtaa wa pwani yanalala chini ya usawa wa maji ya bamvua. Kila kiungo kilicholegea na kila shimo lenye ufa linanywa bahari maji yakijaa. Maji ya bahari yana kloridi kama miligramu 19,000 kwa lita na salfeti kama 2,700. Kila asilimia moja ya bahari inayoingia inakuongezea kloridi 190 na salfeti 27.

Salfeti ndiyo mbaya zaidi. Kwenye bomba refu lisilo na hewa, bakteria wa utandoni huigeuza kuwa salfaidi. Gesi yake, ile ya harufu ya yai viza, inapanda juu ya maji na kugeuka asidi ya salfuriki kwenye dari la bomba la saruji. Dari linalainika kama chokaa mbichi, unaweza kulikwangua kwa bisibisi, ilhali sakafu ya bomba hilo hilo ni nzima. Ikague dari, usikague sakafu. Mtu asishuke shimoni bila kipimo cha gesi: kufikia sehemu 100 kwa milioni pua huacha kunusa, na hapo anayeshuka anadhani hewa imekuwa safi.

Tena, kloridi ikipita 2,000 kwa lita, kipimo cha kawaida cha COD (uchafu unaopimwa kwa kuuunguza na kemikali) kinaanza kudanganya, kinasoma juu. Mwambie fundi wa maabara apunguze sampuli kwa maji safi au aongeze zebaki salfeti, la sivyo mtagombana na mteja juu ya namba ambazo si za kweli.

Mchora_Ramani
Asanteni sana. Ardhi tuliyopewa ni ekari 40. Je, mabwawa yanatosha, au lazima tuingie kwenye matangi ya kupuliza hewa? Wasiwasi wangu mkubwa ni stima. Ikikatika, yale matangi yanakuwaje?

MtuWaTope
Ekari 40 hazitoshi mabwawa matupu. Piga hesabu kwa joto la nyuzi 25, ambalo ni salama kwa pwani hata miezi ya baridi.

Bwawa la kwanza, lisilo na hewa: gramu 300 za BOD kwa mita ya ujazo kwa siku. Kilo 9,000 zinataka mita za ujazo 30,000. Kwa kina cha mita 4 hiyo ni hekta 0.75 tu, maji yanakaa siku mbili kasoro, na asilimia 70 ya BOD inaondolewa humo. Kwa eneo linalokula, hakuna kinachofanya kazi kubwa hivi bila stima. Zinabaki kilo 2,700. Bwawa la pili hupakiwa kilo 350 kwa hekta kwa siku: hekta 7.7. Kisha mabwawa ya kukomaza, ya kuua vijidudu, matatu ya siku nne nne kwa kina cha mita 1: hekta 6.4 kila moja. Jumla ni karibu hekta 28 za maji, ekari 69, bado kingo na barabara. Ukimaliza uko karibu na ekari 100.

Mimi ningefanya hivi: mabwawa mawili au matatu yasiyo na hewa, yakifuatwa na vichujio vya kokoto vya kunyunyizia, kama vile vya Kariobangi. Ukipakia kilo 0.2 kwa mita ya ujazo unahitaji mita za ujazo 13,500 za kokoto, kwa kina cha mita 2 hiyo ni ekari 1.7. Stima ni ya pampu ya kupandisha tu. Ikikatika saa tatu, utando kwenye kokoto unabaki na unyevu na haufi. Matangi ya kupuliza hewa yakikosa stima muda huo huo, tope linalala chini na kuanza kuoza, na stima ikirudi unaliona linaelea na kutoka na maji. Kama mteja atang'ang'ania matangi, jenereta ya mapulizio iwe ndani ya bei tangu siku ya kwanza. Na mwendeshaji awe na silinda ya lita moja: ajaze tope la tangini, asubiri nusu saa, asome limeshuka hadi mililita ngapi, agawe kwa gramu za tope kwa lita. Ikipita 150, nyuzi za bakteria zimezidi na tope litamkimbia.

Tahadhari moja, inaunganisha na ya Maabara254: bwawa lisilo na hewa halinuki sana kama salfeti iko chini ya miligramu 500 kwa lita. Bahari ikiingia kwa asilimia 19 umeshafika hapo, bila kuhesabu salfeti ya maji ya bomba yenyewe. Kwa hiyo usichore bwawa hilo kabla ya kupima chumvi.

Na tope. Watu 200,000 wanatoa kama tani 10 za tope kavu kwa siku kwenye mtambo wa matangi. Likiwa na asilimia 3 ya ukavu ni mita za ujazo 333, bauza 33 hivi za mita za ujazo 10 kila siku ya Mungu. Vitanda vya mchanga vya kulianika, kwa kilo 150 kwa mita ya mraba kwa mwaka, vinakula hekta 2.4, na mvua za masika zinavisimamisha. Muulize mteja hilo tope linakwenda wapi kabla hujachora kitu kingine. Boston walilimwaga bandarini hadi Desemba 1991. Hapa halina pa kwenda isipokuwa palipoandikwa kwenye mkataba.

BombaNene
Nakubaliana na mpango wa kokoto. Baada yake weka matangi ya kutuamisha, kisha hatua ya kuua vijidudu. Taa za miale ya UV zinafaa kama chembe zinazoelea zimeshuka chini ya miligramu 15 kwa lita hivi na mtu anafuta mirija ya kioo kila wiki. Klorini ni rahisi kununua, lakini angalia: miligramu 8 kwa lita kwa maji haya ni kilo 128 kwa siku, karibu kilo 200 za unga wa asilimia 65. Tangi la kugusana liwe mita za ujazo 420 ili wakati wa wingi bado upate dakika 15. Klorini iliyobaki iondolewe kwa sodiamu baisalfaiti kabla ya bomba, kwa sababu bahari ina bromaidi na mchanganyiko wake unaua mabuu ya samaki.

Bomba sasa. Kosa linalorudiwa ni kuchagua kipenyo kikubwa "kwa ajili ya kesho". Bomba la milimita 800 lingekuwa na mwendo wa mita 0.37 kwa sekunde kwa wastani wako, na mchanga na mafuta yangelala humo. Kipenyo cha ndani cha 600 kinakupa 0.65. Sehemu ya mwisho weka matundu 10 ya milimita 150, jumla ya eneo lake iwe kama asilimia 60 ya bomba, ili kila tundu litoe maji sawa na bahari isirudi ndani usiku mtiririko ukipungua. Kila tundu livalishwe vali ya mpira ya mdomo wa bata. Maji taka ni mepesi kuliko bahari, yanapanda, na kupanda huko ndiko kunakoyachanganya. Ndiyo maana kutokea ndani ya miamba, kwenye mita 3, hakufai kabisa: yanafika juu kabla hayajachanganyika.

Kusi_na_Kaskazi
Dada, au ndugu, samahani sijui: usisahau naitrojeni. Kwenye maji baridi fosforasi ndiyo hufunga ukuaji wa mwani, baharini mara nyingi ni naitrojeni. BOD 30 inaweza kutimizwa na amonia ikabaki nyingi, halafu mwani unayafunika matumbawe. Kokoto zikipakiwa kidogo zitageuza amonia kuwa naitreti. Kuiondoa naitreti kunataka tangi lisilopulizwa na maji yarudishwe. Acha nafasi ya tangi hilo kwenye mchoro hata kama halijengwi sasa.

Na pima mikondo miezi ya kusi na miezi ya kaskazi, kwa vielea, si kwa msimu mmoja. Hata sisi wa Nairobi tumo katika hili: maji ya Ruai yanaingia Mto Nairobi, yanafuata Athi, yanaitwa Galana, kisha Sabaki, na yanatokea baharini kaskazini ya Malindi.

Mchora_Ramani
Mimi ni dada, na asanteni nyote. Nimeahirisha mchoro. Wiki ya bamvua ijayo tunashuka kupima chumvi kwenye mashimo matano ya chini kabisa, saa 24. Kipimo cha upitishaji umeme kinatosha?

Maabara254
Kinatosha, dada. Asilimia moja ya bahari inapandisha usomaji kwa kama maikrosimensi 500 kwa sentimita, huwezi kuikosa. Soma kila nusu saa, na andika kimo cha maji shimoni pembeni ya kila usomaji. Kila saa nne chukua chupa moja ya kloridi na salfeti ili upate uhakika wa maabara. Bamvua ya pwani yetu hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Ile ya alfajiri ndiyo muhimu, maana watu wamelala, maji taka ni machache, na kinachopita bombani wakati huo kikiwa cha chumvi ni bahari inayovuja. Usimruhusu anayesoma alale saa nane.