Fukwe tulivu: tuzitaje hadharani au tunyamaze?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wadau, kila Julai ikikaribia, na tena Desemba, swali linarudi: wapi mtu anaweza kukaa ufukweni na wanawe bila spika ya jirani kumpigia singeli sikioni? Akishauliza, wanajitokeza watu wa aina mbili. Wa kwanza anataja mahali, kituo cha kushukia na nauli ya bodaboda. Wa pili anamjia juu wa kwanza: "Umeshapaharibu hapo, mwakani hapakaliki." Leo nataka tumjadili huyu wa pili, kwa sababu anasifiwa kuwa mlinzi wa mazingira na mimi naona anakosea.

Sisi wa Dar tunajua kujaa ni nini. Coco Beach Idi mosi hupati pa kutandika khanga. Ukikimbilia Mbudya au Bongoyo mwisho wa wiki, boti zinapishana kama daladala za Kariakoo. Ikabaki Kigamboni, na Kigamboni nayo ikafikiwa. Nani aliitangaza? Mwaka 2016 lilifunguliwa daraja, magari yakavuka bila kusubiri pantoni, watu wakafuata. Basi.

Sasa tazameni Pangani. Ushongo, ufukwe wa huko, imedumu na utulivu wake kwa sababu ya vumbi la kiangazi, matope ya masika na pantoni ya kuvukia Bweni. Hapakuwa na siri yoyote iliyotunzwa. Mradi wa barabara ya lami kutoka Tanga kupita Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la Mto Pangani, unaondoa vyote vitatu.

Ninachosema ni hiki: tukinyamaza, mwekezaji hafichwi chochote. Yeye hasomi mijadala yetu. Ana ramani, ana mwanasheria, na ameshafika kijijini kabla yako. Anayefichwa ni mwalimu wa Muheza au fundi wa Mbagala ambaye angependa kwenda na familia mara moja kwa mwaka. Siku akipajua, anakuta ukuta na mlinzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nani atapiga kelele mita hizo zikiliwa, kama ufukwe wenyewe haujulikani na mtu? Nimewahi kusimamishwa na mlinzi wa hoteli nikitembea kwenye mchanga uliolowa, akaniuliza kama mimi ni mgeni wao. Nikamwambia mimi ni mgeni wa bahari. Hakucheka.

Hoja iko mezani.

Mchangiaji, Tanga

Mkuu, hoja yako ya lami naikubali nusu. Lami ni njia tu. Basi la watu sitini na jenereta yao linafuata jina.

Halafu wewe umezungumzia watu peke yao, mimi naleta kasa. Mbele ya Ushongo kuna Maziwe. Wazee wanaikumbuka ikiwa kisiwa chenye mivinje, kasa wakipanda kutaga. Miti ikaisha, mchanga ukahama, leo ni fungu linalofunikwa maji yakijaa. Kasa wameendelea kupanda hapo hapo, na mayai yakiachwa yanaoza kwa maji ya chumvi. Ndiyo maana huhamishwa na kufukiwa Ushongo, yakalindwa kama miezi miwili hadi yaanguliwe. Sasa, kasa mchanga akitoka shimoni usiku hufuata weupe, na kwa desturi weupe uko upande wa bahari. Wewe umemwashia moto wa nyama choma na taa za gari upande wa nchi kavu. Atakwenda wapi?

Ushongo ya leo inalimudu hilo. Ushongo yenye watu mia tatu kila Jumamosi hailimudu. Kunyamaza hakutazuia lami, najua, lakini kutatupa misimu michache ya kujipanga.

Mchangiaji, Jambiani

Nyie kaka zangu mnanifurahisha. Mmoja anasema zitajwe, mwengine zifichwe, na wote wawili mnazungumza kama vile pwani haina wenyewe.

Huku kwetu mgeni anakuja, anapiga picha maji yamekupwa, anaandika kwamba amegundua ufukwe usio na mtu. Usio na mtu vipi? Wale wanawake walioinama kule kwenye vigingi ni nani? Mwani tunalima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Bamvua ndio wakati wetu: maji yakitoka mbali sisi tunaingia, tunafunga mbegu, tunavuna, tunarudi na magunia kichwani. Ukiona kimya saa nne asubuhi, ujue watu wako kazini.

Nungwi na Kendwa, kaskazini ya Unguja, zinajaa kwa sababu kule maji hayakimbii mbali, mtu anaoga saa yoyote anayotaka. Akichoka na fujo na mapapasi wa kule, vijana wanaowaandama wageni, anaambiwa, nenda mashariki, kumetulia. Anakuja, anajikwaa kwenye kamba zetu, anakwenda kulalamika hotelini. Hoteli inazungumza na wakubwa. Hapo mnajua anayeambiwa asogee ni nani. Kwa hiyo mie nina swali moja tu: mkizitaja, mtatutaja na sie?

Mchangiaji, Mombasa

Dadangu amesema kweli. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 ibara ya 62 imeandika wazi kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Vizuri sana. Lakini utaifikia vipi, kwa parachuti? Njia za kushukia pwani zimo kwenye ramani za upimaji, ukienda mwenyewe unakuta nyingine zimemezwa na kuta.

Ndiyo sababu Krismasi Mombasa nzima na wageni wa bara hujazana Jomo Kenyatta Public Beach, pale tunapopaita Pirates, na ukivuka feri ukashuka hadi Tiwi unakuta mchanga mrefu na watu wa kuhesabu. Watu wanaijua Tiwi, tena vizuri. Shida ni kufika: unaachwa na matatu barabara kuu, iliyobaki ni miguu yako au boda. Upo utulivu wa umbali na upo utulivu wa matofali, na huo wa pili mimi sitausifu hata kama ni mtamu.

Mchangiaji, Dodoma

Nendeni Aprili. Mjadala umeisha.

Mchangiaji, Konde, Pemba

Aprili njoo na mwamvuli, masika ya huku hayana mzaha, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Isitoshe mwenye watoto likizo yake ndefu ni ya katikati ya mwaka na ya Desemba. Shule haimfungii mtu mmoja.

Mleta mada, ile sheria yako ya mita 60 ni ya Bara, Zanzibar tuna zetu. Na hata huko Bara, kifungu hicho kinazuia ujenzi. Hakikupi njia ya kupita.

Kuhusu kutaja: Vumawimbi, ufukwe wa kwetu kaskazini ya Pemba, imo kwenye kila kitabu cha mwongozo wa wageni, miaka na miaka. Nenda siku ya kazi, utakuta wavuvi na madau yao. Zanzibar mwaka 2024 ilipokea watalii zaidi ya 700,000, na wengi wao hata hawakuvuka kuja Pemba. Kwa nini? Kisiwa kinataka boti au ndege ndogo, halafu safari ndefu hadi kaskazini, halafu msitu wa Ngezi ndio uupite. Kwa hiyo jina peke yake halijazi mahali, wala kulificha hakulindi. Mimi siogopi wewe na wanao. Naogopa mkataba. Miaka hii ya karibuni Serikali imekodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji, Bawe kimojawapo, na hakuna aliyesubiri kisiwa kiwe maarufu kwanza.

Mchangiaji, Marseille

Mwenzenu niko Ufaransa, ambako Julai na Agosti nchi inahamia baharini karibu yote. Hapa nje ya mji kuna hifadhi ya taifa ya Calanques, na ndani yake kighuba kidogo kinaitwa Sugiton. Picha zilikieneza hadi siku za kilele wakawa wanaingia zaidi ya watu 2,000. Udongo ukamomonyoka, mizizi ya misonobari ikabaki nje. Hifadhi ilianza kwa kuweka kwenye tovuti yake picha za msongamano, makusudi, ili watu wakate tamaa. Haikutosha. Mwaka 2022 wakaweka kikomo: watu 400 kwa siku katika siku za msimu, unajiandikisha mapema, unaonyesha simu yako njiani.

Kujiandikisha ni bure, na kwangu mimi uzito wa mpango uko hapo. Mwenye gari la kifahari na aliyepanda basi la mji wanapigania nafasi zile zile 400.

Mchangiaji, Muscat

Naongeza la kwetu Oman. Ras al Jinz kila mtu anaijua, na wageni wa dunia nzima wanakuja kuona kasa. Lakini usiku huingii mwenyewe: unakwenda na kikundi na mwongozaji.

Mchangiaji, Tanga

Hayo ya Marseille na Oman yana serikali yenye watumishi wa kusimama pale usiku na mchana. Ushongo nani atahesabu watu 400? Mimi nitawaambia kitakachotokea. Kutawekwa kamba barabarani, kitabu cha risiti, na shilingi elfu kumi kwa kichwa. Fundi wako wa Mbagala mwenye mke na watoto wanne atakuwa nje tena, safari hii kwa stakabadhi halali.

Mleta mada, Dar es Salaam

Hilo la risiti limeniingia, na ndiyo hatari ninayoiona kubwa kuliko spika za singeli. Kwa hiyo kikomo kiwe cha idadi, kisiwe cha bei. Anayekula alipe chakula, anayeegesha alipe maegesho, anayepita apite bure. Msimamizi yupo tayari: serikali ya kijiji na BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia pwani, maana wavuvi wako pale alfajiri hadi jioni na wanajua kila sura. Msimu wa kasa, moto na taa marufuku jua likishazama. Mnasema haiwezekani? Kisiwa Panza, huko huko Pemba, wavuvi wenyewe wamekuwa wakifunga eneo la pweza kwa miezi, kisha wanalifungua kwa pamoja. Mtu anayeweza kuacha kitoweo chake majini kwa makubaliano hawezi kushindwa kumwambia mgeni azime jenereta.

Mchangiaji wa Konde, umenisahihisha vizuri. Kumbe mita 60 hazinipi njia, na njia ndiyo kila kitu. Kwa hiyo Ushongo, na Mkwaja, na vijiji vyote vya mstari ule, jambo la kwanza lingekuwa mkutano mkuu wa kijiji kutenga njia za kushukia baharini ndani ya mpango wa matumizi ya ardhi, zikapimwa na kuwekewa alama, kabla kiwanja kingine hakijauzwa. Njia ya namna hiyo huwezi kuidai kwa siri. Lazima watu wengi, hata wa mbali, wajue kwamba pale wana haki ya kupita. Ndiyo maana kwenye kunyamaza bado sikubali.

Dada wa Jambiani, swali lako nimelifanya sharti. Atakayetaja mahali humu, ataje na kazi inayofanyika pale na saa zake.

Mchangiaji, Jambiani

Na saa zenyewe zinafuata mwezi, si ratiba ya hoteli. Wiki hii saa nne, wiki ijayo hakuna kazi, maji mafu. Liandike hilo pia.

Mchangiaji, Tanga

Kutenga njia tuko pamoja, siku ya kupima hata kamba nitashika. Ila Ushongo mmeitaja nyie. Kuna nyingine, kusini ya hapo, nakwenda na wanangu kila Desemba, na hiyo humu haitoki.