Mrejesho: kile chama cha tatu cha Marekani

Jamani asanteni, nilouliza wale Libertarian, chama cha Marekani kinachotaka serikali isiwaingilie watu sana, walimpataje mgombea urais 2024 na wanagombana wenyewe kwa wenyewe, nshaelewa. Kumbe wajumbe wao walipiga kura raundi saba kwenye mkutano mkuu kule Washington, na ya mwisho Chase Oliver kabaki peke yake anashindana na lile chaguo la "hakuna hata mmoja" akapata kama asilimia 60, yaani wengine waliona bora wakose mgombea kabisa! Mike ter Maat, alokuwa akiutaka urais pia, akawa mgombea mwenza.

Jana usiku nimeipeleka barazani Mji wa Kale, mzee mmoja akaweka kikombe cha kahawa chini akaniambia mwanangu, huku kwetu mjumbe hupewa fulana tu, jina lishatoka juu. Imeniuma sana, mie nataka vyama vyetu navyo vipige kura hivo hata kukikucha.